Isimame Inapokosea Tu

Mjukuu wangu Atupele anaandika programu za kompyuta hapa Mbeya. Siku moja nilimtembelea ofisini kwake, nikamkuta ameegemeza shavu mkononi, anaitazama skrini kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyegoma kuamka. Programu yake ilikuwa ya hospitali, ya kupanga wagonjwa. Ilifanya kazi vizuri, ila mara moja moja ilimwandikia mgonjwa umri ulio chini ya sifuri, yaani mtu ambaye bado hajazaliwa yuko kwenye foleni ya daktari.

"Babu," akaniambia, "nikiisimamisha programu kwa kila mgonjwa ili nichungulie, nitazeekea hapa. Kwa hiyo tazama. Naweka kituo kwenye mstari huu, halafu nakipa sharti: simama, lakini iwapo tu umri uko chini ya sifuri. Wengine wote wapite."

Nilicheka mpaka wenzake wakageuka. Akataka kujua kilichonichekesha. Nikamwambia kazi hiyo niliifanya miaka ya hamsini, kwenye kiwanda cha chai Mufindi, kwa betri ya lori na kengele. Hakuniamini. Wenzake wakavuta viti karibu. Niliyowasimulia siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa ajili yao na kwa kijana yeyote ambaye riziki yake ni kutafuta kosa lililojificha ndani ya mashine, iwe mashine ya chuma au ya maandishi.

Mimi nilikuwa fundi umeme. Tulikuwa na karakana Mbeya, tukitengeneza injini, mota na chochote kilichoshushwa kwenye lori kikiwa kimekufa. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Fundi Mgaya, Mbena wa Njombe, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Vita vilimpeleka Burma, akawekwa kikosi cha simu, na huko ndiko alikojifunza umeme. Alirudi na koti zito la jeshi. Kwa baridi ya Mbeya koti lile lilikuwa na maana, lakini alilivaa hata tuliposhuka Usangu kwenye joto, jasho likimtiririka shingoni. Ukimuuliza anakujibu kwamba hajapata sanduku la vyombo lenye mifuko mizuri kama ile. Na kweli, humo utakuta bisibisi, koleo, vipande vya waya, rilei kuukuu za simu, na mara nyingi hindi la kuchoma lililosahaulika.

Alikuwa na tabia moja iliyotutesa. Ukikimbilia kufungua mashine, anakugonga vidole kwa mpini wa bisibisi. "Umeshaiuliza?" anasema. Ukisema hapana, anakwambia, "Basi funika."

Maana ya kuuliza niliielewa Rujewa. Huko kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na mkanda wake mkubwa ulikuwa unachomoka. Si kila saa. Ungeweza kukoboa asubuhi nzima salama, halafu ghafla mkanda unaruka na kupiga ukuta kama bunduki. Nilitumwa peke yangu kwanza. Nikawa naizima injini kila baada ya muda mfupi, nachungulia mkanda, naukuta umetulia katikati ya gurudumu, nawasha tena. Injini yenyewe ilikuwa ya kuwasha kwa mkono, watu wawili wazima wanazungusha mpaka macho yanawatoka. Akina mama waliokuja na mpunga wao kutoka Ubaruku walikuwa wamekaa juu ya magunia, wananitazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama nimeletwa kukoboa au kulaza mashine usingizi.

Fundi Mgaya alipofika hakugusa injini. Alichukua pete ya chuma, akaining'iniza karibu na ukingo wa mkanda, akaifunga kamba iliyokwenda mpaka kwenye kifungio cha mafuta. Mkanda ukitembea katikati hauigusi pete. Ukianza kuhama tu, unaivuta pete, pete inavuta kamba, mafuta yanakatika, injini inazimika mkanda ungali juu ya gurudumu. Akaagiza chai, akaketi. Mashine ikakoboa, ikakoboa, na akina mama wakaanza kutabasamu. Mchana ikazimika yenyewe. Tukaenda kutazama, na safari hii tulikuwa na kitu cha kutazama: mkanda umehamia ukingoni, na nguzo iliyobeba mhimili imeinama kidogo. Kwa nini imeinama? Kwa sababu wateja walikuwa wamerundika magunia juu ya mbao za sakafu, hapo hapo kwenye kitako cha nguzo. Magunia yakiondolewa, nguzo inasimama wima, na fundi akija kuchungulia anakuta kila kitu kizuri.

"Ulikuwa unaisimamisha wewe," akaniambia tukirudi Mbeya, "kwa hiyo ilisimama ulipotaka wewe. Iambie isimame inapokosea."

Sasa niwapeleke Mufindi.

Kiwanda kilikuwa upande wa Igowole, katikati ya mashamba ya chai. Sitakitaja jina, na hakuna haja. Ndani kulikuwa na safu ya mashine za kusokota majani, kila moja kama sufuria kubwa ya shaba inayozunguka juu ya meza, na kila moja na mota yake na kitufe chake ukutani. Unabonyeza kitufe mara moja, swichi ya sumaku iliyo ndani ya sanduku inashika, mota inakwenda, nawe unaachia kidole. Swichi inajishikilia yenyewe mpaka ubonyeze kitufe chekundu cha kuzimia. Hilo la kujishikilia mlikumbuke, lilikuja kututoa jasho.

Mashine ya nne ilikuwa na watu wawili, Fidelis na Yohana. Fidelis alikuwa amemwoa Eliza, dada yake Yohana, kwa hiyo walikuwa mashemeji, na walikuwa mashemeji wa kupendana kweli. Walikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, walikunywa kibuyu kimoja. Asubuhi moja ya ukungu mashine ilikuwa imezimwa, Fidelis ameingiza mkono chini ya sufuria kutoa majani yaliyoganda. Yohana amesimama ukutani, karibu na kitufe. Mashine ikaanza kuzunguka. Yohana aliizima mara moja, lakini mkono wa kulia wa Fidelis ulikuwa umekwisha sagwa. Vidole vitatu havikuokolewa.

Sisi tuliitwa kuja kusema kama mashine ni nzima. Tukaipima. Ilikuwa nzima. Tuliibonyeza ikaenda, tukaizima ikazimika, na ilikuwa mchana, jua limetoka. Nyapara wa kiwanda akasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakisema: mashine haijiwashi, kitufe kinataka kidole, na kidole kilichokuwa karibu ni cha Yohana. Watu waliuliza kama alikuwa amekunywa. Meneja alikuwa Mwingereza mmoja mwembamba, si mtu mbaya, alituambia waziwazi: "Nimeagiza waya mpya kutoka Dar es Salaam. Lori likifika, mtabadilisha waya za kiwanda kizima, na jambo hili litakuwa limekwisha."

Mimi nilifurahi. Waya mpya, kazi safi, turudi nyumbani. Fundi Mgaya hakufurahi. Alisema anataka kwanza kuwaona wale wawili.

Tulimkuta Fidelis nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Tukamsalimu kamwene, akatuitikia. Eliza akatuletea viazi vya kuchemsha, akarudi jikoni.

"Ulimwona akibonyeza?" Fundi Mgaya akamuuliza.

"Mgongo wangu ulikuwa kwake. Ningeonaje?"

"Basi unajuaje ni yeye?"

Fidelis akamgeukia. "Fundi, wewe niambie ni nani mwingine. Sisemi alikusudia. Nasema alibonyeza. Angekuja tu hapa akasema, shemeji, nilibonyeza, nisamehe. Ningemsamehe. Lakini ananiambia hakubonyeza. Sasa huyu anayenidanganya na mkono wangu uko hivi, nimwite nani?"

Kutoka jikoni tulisikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu.

Yohana alikuwa amesimamishwa kazi. Tulimkuta bondeni kwenye kinyungu chake, zile bustani za mabondeni ambazo Wahehe huzilima mvua zikipungua. Alikuwa anachimba matuta kana kwamba anagombana nayo. Fundi Mgaya akamuuliza kidole chake kilikuwa wapi siku ile.

"Nilikuwa nashika kitambaa, nafuta mikono," akasema Yohana. "Hivyo ndivyo nilivyosema siku ya kwanza." Akachomeka jembe ardhini. "Lakini fundi, wameniambia mara nyingi mno. Sasa nikifumba macho nakiona kidole changu kwenye kitufe. Nakiona kabisa. Sijui tena kama nakumbuka au wamenipa."

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nitakwenda kwa meneja niseme ni mimi. Dada yangu amekwama katikati, akija kwangu mumewe ananuna, akikaa kwake nalia mimi. Nikikubali, yataisha."

Fundi Mgaya alitafuta kitu ndani ya koti lake, akakitoa, akakirudisha. "Lori la waya halijafika," akasema mwishoni. "Usikubali chochote kabla halijafika. Kufika likifika, fanya unavyotaka."

Njiani nikamuuliza kwa nini tusingoje waya mpya, kwani hata kama kosa lilikuwa kwenye waya, litaondoka. Hapo alisimama katikati ya barabara. "Litaondoka, ndiyo. Na wapi litasema lilikuwepo? Ukibadilisha waya zote leo, mashine itapona na Yohana atabaki na kosa hilo mpaka anakufa."

Vijana, hili nawaomba mlishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Najua raha ya kufuta kila kitu na kuandika upya. Atupele naye huniambia, babu, niliandika upya, tatizo likaisha. Namuuliza lilikuwa nini. Anasema hajui. Basi halijaisha, limehama tu.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuvua mkanda wa mashine ya nne, ili mota ikizunguka izunguke bure na isimkute mtu. Mtego hauwekwi mahali ambapo utamla mtu mwingine. Lakini waya, vitufe, masanduku na mabomba ya waya hatukuvigusa hata kwa kitambaa. Fundi Mgaya alimwomba meneja mashine ile ya nne iwashwe na kuzimwa kama kawaida, pamoja na wenzake, ingawa haisokoti kitu. Meneja alidhani tuna wazimu mdogo, lakini alituruhusu, na akatoa betri ya lori lake mwenyewe. Betri tuliitaka ili mtego wetu usitegemee umeme ule ule tunaoushuku.

Mtego wa kwanza ulikuwa rahisi: swichi ya sumaku ikishika, kengele ilie. Tukaufunga. Kengele ikalia kila mara mtu alipobonyeza kitufe, yaani kutwa nzima. Wasokota chai wakaanza kuiitikia. Ikilia, wanaimba "Karibuni!" Jioni hakuna aliyekuwa anageuza shingo tena. Kengele inayolia kwa kila jambo ni sawa na kutokuwa na kengele. Nyinyi mnaiona hiyo mnapoweka kituo bila sharti, mnabonyeza endelea, endelea, endelea, na siku kosa lenyewe likipita nalo mnalibonyezea endelea.

Kwa hiyo tukaweka sharti. Hatutaki kujua kila swichi inaposhika. Tunataka kujua inaposhika na kitufe hakijabonyezwa. Mimi ndiye niliyeichora hiyo, na niliona fahari. Tukaongeza kiguso kidogo chini ya kitufe, tukaunganisha: swichi imeshika, kitufe hakijabonyezwa, kengele. Mtu akabonyeza kitufe, kimya. Akaachia kidole, kengele ikalia na haikunyamaza. Nilibaki nimeduwaa. Fundi Mgaya alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi na mkono wa koti.

Mmeona? Swichi inajishikilia. Ukishaachia kidole, mashine inaendelea kwenda, na kitufe hakijabonyezwa. Sharti langu lilikuwa kweli siku nzima, kwa mashine isiyo na kosa lolote. Nilikuwa nimeuliza, "Je, sasa hivi kuna kidole?" badala ya kuuliza, "Je, ilipoanza kulikuwa na kidole?" Maneno yanakaribiana, maswali hayakaribiani. Tangu siku ile kila ninapotaka kutega sharti nalisema kwanza kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa mtu ambaye si fundi. Akikunja uso, najua sijalielewa mwenyewe.

Fundi Mgaya akachimba kwenye koti, akatoa rilei ya simu, kijisumaku kidogo chenye ulimi wa chuma. Hiyo tukaiita shahidi. Kitufe kikibonyezwa, shahidi anainua ulimi, na anaendelea kuuinua hata kidole kikiachia, mpaka mashine izimwe. Swichi kubwa ikishika na kumkuta shahidi amesimama, hakuna neno. Ikishika na kumkuta shahidi amelala, hapo ndipo kengele inalia, na papo hapo umeme wa safu nzima unakatika.

Kukata umeme wa safu nzima lilikuwa wazo lake, na mwanzoni sikuona faida yake. Akawakusanya wasokota chai wote, akawaeleza: "Kengele hii haitalia hovyo tena. Siku ikilia, kila mtu agande pale alipo. Kama umeinua mguu, uweke chini taratibu, lakini usihame. Kama umeshika kitu, endelea kukishika. Nitapita nikiwauliza." Wakacheka, lakini walikubali, maana Fidelis alikuwa mwenzao.

Kisha tukangoja. Kengele haikulia. Siku zilipita na haikulia, na hapo ndipo wasiwasi unapoingia, kwa sababu mtego uliokufa na mtego usionasa inanyamaza sawasawa. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kazi, Fundi Mgaya aliifanya swichi ishike kwa kuigusisha na bisibisi, bila kitufe. Kengele ikilia, anajua mtego uko hai, anaurudisha, anakwenda kunywa chai. Siku moja haikulia. Waya wa betri ulikuwa umelegea. Tungeweza kukaa mpaka lori linafika, tukisifu ukimya.

Habari zikaja kwamba lori limeonekana Iringa mjini. Eliza alikuja kiwandani kuniuliza, akasimama nje ya uzio, amejifunga kanga mbili kwa baridi. "Kaka, mmepata kitu?" Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishajua. "Yohana amevaa viatu leo," akasema. "Anakuja kwa meneja."

Nilimwomba amrudishe, amwambie angoje walau mpaka lori. Akaondoka akikimbia.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulishuka ule wa Mufindi wenyewe, unaoingia mpaka ndani ya nyumba, unaona kuta zinatoka jasho. Kiwandani taa ziliwashwa, na hata hivyo uliwaona watu kama vivuli. Majani yalikuwa mengi, kazi ilikuwa ya haraka. Mimi nilikuwa nakaza skrubu upande wa pili niliposikia kengele.

Mashine zote zikapungua mwendo, zikanyamaza. Na watu wakaganda. Sijawahi kuona kitu kama kile tena. Mmoja ameinama na kapu, mwingine ameshika ufagio juu, nyapara amefungua kinywa katikati ya kuamrisha na hajakifunga. Fundi Mgaya akatembea polepole katikati yao, mikono nyuma.

Kwenye mashine ya nne hapakuwa na mtu hata mmoja. Ulimi wa shahidi ulikuwa umelala. Akapita ya tatu, mtu wake alikuwa anazoa majani, yuko mbali na ukuta. Akafika ya pili. Pale alisimama Petro, mtu mmoja mkimya, kidole chake kikiwa juu ya kitufe.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Ninawasha mashine yangu, fundi. Umesema tusihame."

"Umefanya vizuri. Endelea kushika hapo."

Waya za vitufe vya mashine ya pili na ya nne zilipita ndani ya bomba moja. Hilo tulilijua tangu mwanzo, lakini waya za kila mashine zilipita na za mashine nyingine mahali fulani, hatukuwa na sababu ya kushuku hili kuliko lile. Sasa tulikuwa nayo. Tukalifuata bomba mpaka linapoishia juu ya sanduku. Mdomo wake ulikatwa kwa msumeno na haukulainishwa. Ukali ule ulikuwa umekula mpira wa waya mbili, kidogo kidogo, kwa mtikisiko wa miaka. Siku kavu waya zilikaa mbalimbali na hakukuwa na tatizo. Siku ya ukungu maji yalitiririka kwenye bomba na kutua pale pale, waya zikalowa, na Petro akibonyeza kuwasha ya pili, umeme wake unavuka na kuiamsha ya nne. Ikishaamka inajishikilia.

Hatukuharakisha kumwita meneja. Kwanza tulirudisha umeme, Petro akabonyeza tena. Mota ya nne ikashtuka, ikazunguka. Tukaizima, tukakausha mdomo wa bomba kwa kitambaa. Petro akabonyeza. Ya nne ikabaki imelala. Tukatia tone la maji. Ikaamka. Hapo ndipo tulipomwita, na tukairudia mbele yake, mbele ya nyapara na wote. Meneja aliinama akalitazama bomba kwa muda, akavua kofia. Alisema, "Na lori linaingia leo." Nadhani alikuwa anafikiri alichokuwa anakifikiri Fundi Mgaya tangu mwanzo.

Petro alikuwa bado amesimama pale. Uso umembadilika. "Fundi," akasema, "basi siku ile aliyebonyeza ni mimi."

"Wewe uliwasha mashine ya pili," akasema Fundi Mgaya. "Ya nne iliwashwa na bomba lililokatwa vibaya. Usijichukulie lisilo lako. Ametosha Yohana."

Nilitumwa mimi nikawaambie. Nilikwenda kwa Fidelis kwanza, kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu. Nilimweleza taratibu, nikachora bomba chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akachukua koti lake, akajaribu kulivaa kwa mkono mmoja, akashindwa, akalitupa begani. Tukashuka bondeni, yeye, mimi na Eliza.

Yohana alituona tukija, akaacha jembe. Nadhani alidhani tumekuja kumchukua. Mimi nilifungua kinywa, lakini Fidelis akanitangulia.

"Shemeji. Hukubonyeza."

Yohana akanitazama mimi, si yeye. "Fundi, una hakika? Maana nimekuwa nakiona kidole changu."

"Nina hakika. Nimeiona mashine ikiamka peke yake, mimi na watu wote wa kiwanda."

Alikaa chini kwenye tuta bichi, na suruali yake yote ikalowa tope. "Nilikuwa nafuta mikono," akasema. "Nilikuwa nafuta mikono na kitambaa." Alilirudia hilo mara nyingi, polepole, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya moto. Eliza akakaa kando yake. Fidelis alibaki amesimama, hajui aweke wapi ule mkono wenye bandeji.

Waya mpya tuliziweka, na midomo ya mabomba yote tukailainisha kwa tupa kabla ya kupitisha hata waya mmoja. Mtego tuliufungua ukarudi kwenye koti, rilei, kengele na vyote, maana mtego uliosahauliwa nao ni kosa linalongoja siku yake. Meneja aliagiza kila mashine iwekewe mkono wa kukatia umeme wenye kufuli, na anayeingiza mkono ndani awe na ufunguo mfukoni mwake. Fidelis akapewa kazi ya kutunza funguo hizo na kukagua kila asubuhi. Yohana akaitwa arudi kazini Jumatatu.

Jumatatu hakuonekana. Nyapara akakasirika, meneja akaniuliza kama kweli nilimfikishia ujumbe. Nilitoka kwenda kumtafuta. Kwenye kinyungu chake hakuwepo, matuta yalikuwa yamekwisha. Nikasikia jembe upande wa pili wa kijito. Lilikuwa bonde la Fidelis, ambalo lilikuwa bado pori tupu mwaka ule, kwa sababu mwenyewe asingeweza kushika jembe. Yohana alikuwa humo ndani, amefika katikati, shati ameliweka juu ya kichaka.

Fidelis alikuwa amesimama ukingoni. Aliponiona akaja haraka.

"Afadhali umekuja," akasema. "Mwambie aende kazini. Mimi nimemwambia tangu alfajiri, hanisikii."

Nikamtazama Yohana. Hakuinua kichwa.

"Waambie ninakuja kesho," akasema, akaendelea kulima.